Tuutambue Mnanaha Kabla Haujaingia Kwenye Unga

*Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Maendeleo wa Dayosisi kwenye semina ya wajumbe wa kamati za sharika na mitaa ya Nachingwea na Ruangwa, kabla ya kuanza kwa msimu wa kilimo. Tunaichapisha ili isomwe pia na wale ambao hawakuweza kufika, pamoja na wahisani wetu.*



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kuanzia mstari wa 38, tunasoma habari ya Elisha alipofika Gilgali wakati wa njaa. Aliagiza sufuria kubwa iwekwe jikoni ili wana wa manabii wapate kula. Mmoja wao akaenda shambani kuchuma mboga. Akaona mmea wa porini wenye matunda, akajaza vazi lake, akarudi, akayakatakata ndani ya sufuria. Biblia inatuambia sababu kwa maneno machache tu: watu wale hawakuyajua matunda yale. Walipoanza kula ndipo wakapiga kelele kwamba chakula kile kilikuwa na mauti ndani yake.

Ningependa tuangalie vizuri kosa la yule mtu. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na bidii ya kuwalisha wenzake. Alichopungukiwa ni kuutambua mmea. Ndiyo maana mada yangu ya leo ni moja tu: kuutambua mnanaha, kuung'oa mapema, na kuhakikisha kwamba mbegu yake haifiki kwenye unga wa uji wa watoto wetu.

Mnanaha ni mmea gani

Mnanaha ni gugu lenye ua zuri jeupe, refu, lenye umbo la tarumbeta. Wataalamu wa mimea huuita Datura. Katika mazingira yetu tunapaswa kufahamu aina mbili: ile iitwayo Datura stramonium na ile iitwayo Datura metel. Zote asili yake ni bara la Amerika, na leo zimeenea karibu dunia nzima yenye joto. Hapa kwetu kila kabila lina jina lake, na wakati mwingine jina moja hutumika kwa mimea miwili tofauti. Kwa hiyo tusitegemee jina. Tutegemee sura ya mmea, harufu yake, tunda lake na mbegu yake.

Ni mmea wa jamii moja na nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku. Undugu huo ndio unaotuchanganya, kwa sababu mche wake mchanga unafanana na miche tunayoipanda wenyewe bustanini.

Sumu yake imo katika kila sehemu: mizizi, shina, majani, maua, na zaidi sana mbegu. Viini vikuu vya sumu hiyo ni atropini na skopolamini. Waganga na wauguzi waliomo humu wanalifahamu jina la kwanza, kwa sababu atropini hutumika hospitalini, ikiwa ni pamoja na kumtibu mtu aliyedhurika na aina fulani za dawa za kuulia wadudu. Lakini hospitalini hupimwa kwa sehemu ndogo za miligramu na mtu aliyesomea kazi hiyo. Mbegu 100 za mnanaha zinakadiriwa kuwa na hadi miligramu 6 za atropini, na kiasi hicho hubadilika kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Hakuna awezaye kukipima kwa macho wala kwa kijiko.

Jinsi ya kuutambua

Ninaomba makatibu waandike sehemu hii vizuri ili wakaifundishe kwenye mitaa.

*Mche.* Majani mawili ya kwanza ni membamba na marefu, yamechongoka kama ncha ya mkuki. Yanayofuata ni mapana. Hapa ndipo mtu anaweza kudhani ni bilinganya, pilipili au mnavu.

*Mmea mkubwa.* Hufikia urefu wa kiuno, na kwenye mbolea nyingi hufika kifuani au zaidi. Shina ni la kijani au lina rangi ya zambarau. Hugawanyika mara mbili, na kila tawi hugawanyika tena mara mbili, kama panda ya manati. Ua hutokea pale penye panda. Majani ya stramonium yana meno makubwa yasiyolingana. Ya metel yana kingo laini zaidi. Ukiponda jani kidogo utasikia harufu mbaya, nzito. Ukishafanya hivyo nawa mikono.

*Ua.* Kwa stramonium ua lina urefu wa sentimita 5 hadi 10, jeupe au la zambarau hafifu, na mdomo wake una ncha tano. Kwa metel ua ni kubwa zaidi, linaweza kuzidi sentimita 15, na iko aina inayopandwa kama pambo yenye maua ya zambarau yaliyopangana moja ndani ya jingine. Maua hufunguka jioni na kutoa harufu inayowavuta nondo.

*Tunda.* Hii ndiyo alama kuu. Stramonium ina tunda la kijani lenye umbo la yai, kubwa kama ndimu, limejaa miiba, nalo husimama wima. Likikauka hupasuka katika vipande vinne. Metel ina tunda la mviringo lililoinama, lenye vijiba vifupi badala ya miiba mirefu, nalo hupasuka ovyo.

*Mbegu.* Tunda moja lina mbegu mamia. Mbegu ni bapa, ina umbo la figo, na upana wake ni kama milimita 3. Ya stramonium ni nyeusi na ina vishimo vidogo vidogo. Ya metel ni ya kahawia hafifu, inafanana na mbegu ya pilipili.

Sasa tuitofautishe na mimea mingine. Mnavu, ambao ni mboga yetu, una maua madogo meupe kama nyota na matunda madogo laini yasiyo na miiba. Mbarika nao una tunda lenye miiba, lakini matunda yake hukaa kwenye kichala, na jani lake limepasuka kama vidole vya mkono. Mbegu zake pia ni sumu, lakini si mmea huu. Mimea mingi ya kutambaa ina maua ya tarumbeta, lakini mnanaha hautambai, unasimama. Kwa hiyo kumbukeni mambo matatu kwa pamoja: ua la tarumbeta, tunda la miiba, na harufu mbaya ya jani lililopondwa.

Upo pia mti mdogo wa mapambo wenye maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia kuelekea chini. Hupandwa kwenye nyua za nyumba, za shule na hata za makanisa. Hauna tunda la miiba, lakini sumu yake ni ile ile. Kamati za mapambo ya altare naomba mlisikie hili. Si vema kuwatuma watoto wa Shule ya Jumapili wakachume maua yale kwa ajili ya ibada. Mtoto akishika maua kisha akajifikicha jicho, mboni ya jicho inaweza kutanuka akashindwa kuona vizuri. Akiyaweka mdomoni, madhara yake ni makubwa zaidi.

Kwa nini unaenea

Mnanaha hupenda ardhi iliyochimbuliwa na yenye mbolea. Utauona jalalani, nyuma ya jiko, kando ya barabara inayochongwa, kwenye viwanja vya kupigia nafaka, na zaidi sana kwenye maboma ya mifugo yaliyohamwa.

Sisi wa Kusini hatukuwa watu wa ng'ombe wengi. Baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi wao waliletwa na mifugo yao katika mkoa wetu wa Lindi. Sizungumzi haya ili kuwalaumu ndugu zetu wafugaji. Wamo humu sharikani, na samadi yao inanufaisha mashamba yetu. Ninachosema ni kwamba boma la zamani ni mahali panapoufaa sana mnanaha. Ng'ombe na mbuzi huukwepa kwa sababu ya harufu na uchungu wake. Wanakula majani mengine yote na kuuacha wenyewe ustawi. Kisha sisi tunakuja na toroli, tunachota samadi pamoja na mbegu, na kuipeleka bustanini kwa mikono yetu wenyewe.

Jambo la pili ni uvumilivu wa mbegu. Mwaka 1902 mtafiti wa Marekani aitwaye Duvel alizika mbegu za aina zaidi ya 100 za mimea huko Virginia ili zifukuliwe kidogo kidogo. Mbegu za mnanaha zilizofukuliwa baada ya miaka 39 ziliota kwa zaidi ya asilimia 90. Tafakarini maana yake. Mama akiuacha mmea mmoja udondoshe mbegu msimu huu, mwanawe anaweza kuwa bado anaupalilia akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Jambo la tatu ni uzuri wake. Mara nyingi mtu anayepalilia huuacha mmea huu kwa sababu ya ua lake. Nimekuta nyua ambazo kila gugu limefyekwa isipokuwa mnanaha, umeachwa upendezeshe mahali. Kinachopendeza macho kimepewa nafasi ya kukomaza mbegu.

Kilichotokea kwa majirani zetu, na hapa nchini

Wapo watakaosema kwamba hakuna mtu mwenye akili anayekula mnanaha. Ni kweli, kwa makusudi watu wachache huula. Lakini wengi wanaodhurika hawajui kwamba wameula.

Mwezi Machi 2019, katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu walianza kuugua ghafla katika wilaya za Amudat na Napak. Walichanganyikiwa, wengine wakawa na homa na kutapika. Walikuwa wamekula uji wa unga ulioongezwa virutubisho, uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto wenye utapiamlo. Karibu watu 300 waliugua na 5 walipoteza maisha. Shirika lilisimamisha ugawaji. Uchunguzi wa maabara uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba ndani ya unga ule kulikuwa na atropini na skopolamini. Mahindi hayatengenezi sumu hizo, wala soya haitengenezi. Huingia kwenye chakula pamoja na mbegu za magugu ya jamii ya mnanaha.

Ndugu zangu, naomba tusilipite jambo hili haraka. Unga ule ulitolewa kwa upendo, kwa fedha za wahisani, kwa watu dhaifu kuliko wote. Uji wa lishe ni kazi ambayo na sisi tunaifanya. Katika habari ya Elisha, unga ndio ulioponya sufuria. Kule Karamoja unga ndio ulioleta mauti.

Hapa nchini kwetu pia limetokea. Mwaka 1991 jarida moja la tiba lilichapisha taarifa ya daktari kuhusu mlipuko wa sumu ya mnanaha iliyokuwamo kwenye chakula, uliohudumiwa katika hospitali ya serikali ya vijijini huko Usangu, mkoani Mbeya. Na zamani sana, mwaka 1676, askari wa Kiingereza waliokuwa Jamestown, Virginia, walichemsha majani machanga ya mmea huu kama mboga. Inaelezwa kwamba walirukwa na akili kwa siku 11.

Walioandika Kanuni za Chakula za Kimataifa, yaani Codex, walilizingatia jambo hili. Katika viwango vya mahindi na vya mtama wameutaja mnanaha kwa jina, pamoja na mbarika, miongoni mwa mbegu za sumu ambazo hazitakiwi kuwamo kwenye nafaka kwa kiasi cha kumdhuru mlaji. Umoja wa Ulaya mwaka 2016 uliweka kikomo kwa vyakula vya watoto wachanga vyenye mtama au uwele: mikrogramu 1 ya atropini na mikrogramu 1 ya skopolamini kwa kilo moja ya chakula. Hiyo ni sawa na gramu 1 katika tani 1,000.

Mazao yetu yako wapi katika jambo hili

Tuanze na mtama na mahindi, maana ndiyo tunayosaga. Punje ya mahindi ni kubwa, hivyo chekecheo nzuri hudondosha mbegu ya mnanaha chini. Punje ya mtama ni ndogo zaidi, kwa hiyo kazi ya kuchambua ni kubwa. Mbegu nyeusi huonekana kwenye mtama mweupe. Ile ya kahawia hafifu inahitaji macho makini na mwanga wa kutosha. Ikishasagwa haionekani tena, na kupika hakuondoi sumu. Ugali uliochemka vizuri bado unayo.

Kisha ufuta, ambao ndio fedha yetu. Mbegu ya mnanaha ina ukubwa unaokaribiana na wa ufuta. Kwa hiyo chekecheo haitoshi, na kupepeta hakutoshi. Njia ya uhakika ni kutovuna mnanaha pamoja na ufuta. Mnajua jinsi tunavyofunga ufuta vitita na kuusimamisha ukauke. Shina moja la mnanaha likiingia kwenye kitita, matunda yake hukauka na kupasuka pamoja na vitumba vya ufuta, na yote huangukia kwenye turubai moja. Ufuta wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale hupita kwenye AMCOS na maghala, chini ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, na kuuzwa mnadani kwa wanunuzi wanaopeleka nchi za nje. Uchafu wa mtu mmoja ukiingia kwenye mzigo wa ghala, hauwi tena wa mtu mmoja.

Dalili, na la kufanya mtu akidhurika

Dalili huanza mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa chache. Kinywa hukauka kabisa na mtu hushindwa kumeza. Mboni za macho hutanuka, na mwanga humuumiza. Ngozi huwa ya moto na kavu, bila jasho. Moyo hupiga mbio. Mkojo hukwama. Kisha huja kuchanganyikiwa: huongea na watu wasiokuwepo, huokota vitu hewani, hukimbia, hupigana na wanaomsaidia. Hali hiyo inaweza kudumu siku moja, mbili au zaidi. Kwa mtoto inaweza kuua.

Hapa ndipo kanisa lina wajibu wa pekee. Mtu mwenye dalili hizi akiletwa, wengine watasema amerogwa, wengine watasema ana pepo, wengine watasema ni malaria iliyopanda kichwani. Nawaomba wainjilisti wetu, mwombeeni, lakini mwombeeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Msimweke kanisani usiku kucha mkikemea. Hasa watu wawili au watatu wa nyumba moja wakichanganyikiwa siku ile ile, ulizeni kwanza walikula nini.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Zuieni kila mtu asiendelee kula chakula kile.
2. Mpelekeni mgonjwa mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya.
3. Chukueni mabaki ya chakula, unga uliobaki, au kipande cha mmea, mkamwonyeshe mganga.
4. Msimlazimishe kutapika, na msimnyweshe maziwa wala dawa yoyote ya kienyeji.
5. Mwekeni mahali penye kivuli na utulivu, na asiachwe peke yake hata kidogo, kwa sababu anaweza kuanguka, kutumbukia kisimani au kuingia barabarani.

Wapo wanaovuta majani yake makavu kwa ajili ya pumu, na wapo wanaoyatia kwenye pombe ili iwe kali. Nawasihi tuwaelimishe waache. Mwenye pumu apelekwe kliniki.

Kazi ya kamati zetu msimu huu

Nimeulizwa mara kadhaa kuhusu Mathayo 13. Bwana alisema magugu na ngano viachwe vikue pamoja hadi mavuno, sasa mratibu anatuambia tung'oe. Jibu langu ni kwamba Yesu alikuwa akifundisha habari ya hukumu ya wanadamu, kazi ambayo hakutupa sisi. Kazi ya kupalilia shamba ametupa. Na kwa gugu hili, kusubiri mavuno ndiyo hatari yenyewe.

Ninapendekeza kila kamati ikubaliane mambo sita.

*La kwanza,* ukaguzi wa viwanja vyetu wenyewe. Kabla ya kufundisha kijiji, kila usharika ukague uwanja wa kanisa, nyumba ya mchungaji, shule ya chekechea na jalala lake.

*La pili,* kung'oa mara tatu. Mnanaha hung'oka kirahisi udongo ukiwa na unyevu. Tung'oe wiki chache baada ya mvua za kwanza, turudie wakati wa palizi, na turudie tena kabla ya kuvuna, kwa sababu kila mvua huotesha mbegu nyingine. Tuvae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, tusijiguse macho, na tunawe kwa sabuni. Watoto wasipewe kazi hii.

*La tatu,* uharibifu salama. Mmea usio na tunda unaweza kuachwa juani ukauke, mbali na mifugo. Wenye tunda uwekwe kwenye gunia bila kudondosha mbegu, kisha uchomwe kabisa shimoni, mbali na nyumba, na mchomaji asimame upande ambao upepo unatoka ili asivute moshi. Usitumike kamwe kama kuni, usitiwe kwenye mboji.

*La nne,* maboma na samadi. Tukae na wafugaji tukubaliane kusafisha maboma yaliyohamwa kabla mimea haijazaa. Anayechukua samadi aikague, na bustani iliyowekwa samadi ifuatiliwe kwa karibu.

*La tano,* uji wa lishe. Vikundi vinunue nafaka nzima, visinunue unga usiojulikana ulikotoka. Kabla ya kusaga, kila gunia lifunguliwe, nafaka imwagwe kidogo kidogo juu ya kitambaa cheupe kwenye mwanga wa jua, na watu wawili waichambue. Wakiona mbegu inayotiliwa shaka, gunia hilo lisisagwe mpaka lichambuliwe lote na mtaalamu wa kilimo alione. Katika kila mzigo uliosagwa lihifadhiwe fungu dogo la unga, lenye tarehe na jina la alikouziwa. Likitokea tatizo, tutajua pa kuanzia.

*La sita,* elimu. Shule ya Jumapili ifundishwe kwa picha. Mtoto haitaji kujua neno atropini. Anahitaji kujua kwamba tarumbeta jeupe na tunda la miiba havishikwi wala haviliwi, na akiviona amwambie mtu mzima.

Katika haya yote tushirikiane na maafisa ugani wa kata na watafiti wetu wa TARI Naliendele, ambao wana kituo kidogo hapa Nachingwea. Hatuko peke yetu.

Kwa wahisani wetu

Kwa wahisani watakaosoma maneno haya, hatuombi mtambo wala dawa ya kuua magugu. Mahitaji ya kazi hii ni turubai za kukaushia na kupigia nafaka, chekecheo, glavu, na mabango yenye picha za rangi ya mmea huu katika hatua zake zote. Ni vitu vidogo, na visivyopendeza sana kwenye picha za taarifa. Lakini tunawaomba mwelewe kwamba fedha mnazotupa za uji wa lishe zinaweza kuharibiwa na mbegu ya milimita 3. Mtoto asiyepata uji ana njaa. Mtoto aliyepewa uji wenye sumu amedhuriwa na mkono uliokuja kumsaidia. Saa moja ya kuchambua gunia ni sehemu ya huduma yenyewe, na tungependa ihesabiwe hivyo kwenye mipango na kwenye taarifa.

Hitimisho

Mvua zinakaribia. Mbegu za mwaka jana zimo ardhini zinasubiri kama tunavyosubiri sisi. Ninaomba kabla ya kutawanyika leo kila mjumbe atoke nje pamoja nami. Nyuma ya ukumbi huu, karibu na jalala, kuna mimea minne. Tutaitazama, tutaitaja sehemu zake moja moja, kisha tutaing'oa pamoja. Makatibu mje na madaftari, na vijana walioshika magunia watangulie.

Mungu awabariki, na abariki kazi ya mikono yenu.